Damu ya Forodha

Kitendawili kwako wewe uliyekaa kusikiliza: walishikwa mpakani wakiwa na kwato na mikia, leo wamevaa tai na wanatuhutubia jukwaani. Ni nani hao?

Usijikaze. Wala usikimbilie kutoa mji, maana miji inayotolewa kwenye vitendawili haijawahi kukabidhiwa mtu. Kaa nacho tu, kitafune taratibu kama muwa. Jibu lipo, ila mwenye nalo hakutaka kulitoa.

Tangazo lilifika mlimani Nyabikondo siku ya mnada, likiwa juu ya gari lenye spika mbili, moja nzima. Wanawake waliokuwa wanatwanga mawe wakaweka michi chini. Vijana wakatoka mashimoni na vumbi mpaka kwenye kope. Sauti ikawaambia wananchi wote wa Nyabikondo na vitongoji vyake kwamba kuanzia siku ile uaminifu ni wa kurithi, na kwa hiyo kila mtu atafute babu.

Ilikuwa na maana yake. Nyabikondo ni kilima kidogo huko upande wa Susuni, na tangu dunia iumbwe kilikuwa kilima cha mbuzi. Halafu mtu mmoja akachimba choo akakuta dhahabu, na tangu siku hiyo hakuna aliyechimba choo tena. Kila shimo likawa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Watu wakaja kutoka Kemambo, wakaja kutoka Mugumu, wakaja mpaka mashemeji wa ng'ambo ya mpaka. Tatizo lilikuwa moja. Dhahabu ya Nyabikondo iliamka Tanzania ikalala Kenya. Ilipanda pikipiki jioni, imefichwa kwenye maandazi, na haikuaga.

Ndipo wakubwa wakaunda Kamati Maalumu ya Nasaba za Forodha na Ushuru wa Bidhaa. Kamati ilikaa hotelini Mwanza ikitafakari mpaka wali ukaichosha, ikatoka na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ikauliza: kama mtoto wa nyoka ni nyoka, mtoto wa ofisa forodha ni nini? Hakuna aliyejibu. Kamati ikachukua kimya hicho kuwa maoni ya wadau.

Basi watu wa mlimani wakagawanywa kisayansi. Kundi la Kwanza ni wale ambao babu zao walifanya kazi ya forodha na ushuru enzi za Mwingereza. Hao damu yao haivushi kitu, kwa hiyo wangechimba, wangeosha na wangeuza. Kundi la Pili ni wale ambao babu zao walikaa majumbani kwao wakila ugali. Hao wangeruhusiwa kuchimba, ila wasitazame walichopata. Kundi la Tatu ni wazao wa magendo. Hao wangeondoka mlimani, wao na makarai yao.

Tena kulikuwa na Mwongozo wa Salamu. Mtumishi wa Kamati hakuruhusiwa kumwamkia mtu wa Kundi la Tatu hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa shikamoo ni heshima, na heshima ni mali ya umma.

Mwenyekiti wa Kamati pale Nyabikondo alikuwa Mheshimiwa Nyangwine, mtoto wa hapo hapo, aliyekwenda mjini akiwa mwembamba na kurudi na tai. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Babu yake, marehemu Mwikwabe, ndiye aliyekuwa askari wa ushuru kwenye kizuizi cha barabara ya mpakani wakati wa vita ya Hitla. Kazi yake ilikuwa kuinua mti wa kizuizi na kuushusha. Kamati ilipoifanyia utafiti kazi hiyo, ikagundua kwamba kwa viwango vya leo alikuwa Kamishna.

Ofisi ikafunguliwa kwenye ghala la mahindi, na utafiti wa mababu ukaanza kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana hata kwenye chanjo. Watu waliokuwa hawajui jina la baba wa baba yao sasa walijua mpaka namba ya kofia yake. Wengine walikwenda Tarime mjini kutafuta picha za wazee wowote waliovaa kaptura. Haikupita juma, ikadhihirika kwamba enzi za Mwingereza mpaka ule ulikuwa na maofisa forodha wengi kuliko ng'ombe. Hapakubaki mtu wa kutozwa.

Kamati haikuwa na haraka ya kukataa. Mtu mmoja alieleza kwamba babu yake alikuwa akionja kila mtungi wa pombe ulioiva, kwa kila nyumba, bila kulipa, mpaka alipokufa. Kamati ikamtambua marehemu kuwa Ofisa wa Ushuru wa Bidhaa, Kitengo cha Vileo, aliyefia kazini. Wakaja wajumbe kutoka Serengeti, watu wa jirani na bwawa la Manchira, wakasema babu yao alikuwa akisimama mbugani kila mwaka kutazama nyumbu wanavyovuka kwenda Kenya. Waliulizwa kama aliwatoza chochote. Wakasema hapana, ila aliwatazama kwa ukali. Wakaingizwa Kundi la Kwanza, na nyumbu wenyewe, kwa kuvuka kila mwaka bila kibali, wakaingizwa Kundi la Tatu. Barua yao ya kuondolewa ilibandikwa kwenye mti.

Akinyi naye, muuza samaki, alipita vizuri. Bibi yake alikuwa na tabia ya kuchukua dagaa kiganjani kwenye kila kapu lililopita mlangoni kwake likitoka ziwani. Nyumbani walikuwa wanamwita mdokozi. Kamati ilimwita Mkadiriaji.

Alibaki Gati.

Gati alikuwa mjane, bibi mrefu aliyekonda, mwenye mvi na magoti yanayolia. Shamba lake, lenye zizi la ng'ombe wake wachache, liliteremka kutoka mlimani mpaka kijitoni, na hapo kijitoni, kwa jembe lake mwenyewe, alikuwa amechimba bwawa dogo la kuoshea mchanga wa dhahabu. Wenye maduara walimletea mchanga, yeye na wajukuu wake waliuosha, na hapo ndipo palipotoka unga, daftari za shule na dawa ya magoti. Kaburi la mumewe lilikuwa hatua chache juu ya maji. Hakuwa na mahali pengine duniani.

Siku yake ya kuhojiwa alijifunga kitenge kipya, akaenda ghalani. Nyangwine alikuwa mezani. Pembeni yake alikuwa Katibu, kijana mpole aitwaye Joel, mtu wa Kemambo, aliyekuwa ameanza kuota upara kwa sababu ya ile kazi.

Gati akasubiri aamkiwe. Hakuamkiwa. Akadhani labda wana mafua, akakaa.

"Jina," akasema Nyangwine.

"Gati, binti Waitara."

"Waitara yupi?"

"Kwani mwanangu walikuwa wangapi? Yule aliyekuwa anavusha."

Kalamu ya Joel ikasimama. Akamwinamia akamnong'oneza kwamba, bibi, labda afikiri vizuri, labda mzee alikuwa anasimamia wanaovusha. Nyangwine akamkataza kumwita bibi mtu ambaye hajapangwa.

Gati akafikiri vizuri. Kisha akasema hapana, alikuwa anavusha. Ng'ombe. Anawapeleka kwa dada yake ng'ambo ya pili, maana kwa macho ya Waitara mpaka ulikuwa kamba ambayo Wazungu walianika nguo zao wakasahau kuianua. Nchi nzima ilikuwa inajua. Angeficha vipi?

"Na hakuwahi kutoa ushuru?"

"Aliwahi mara moja," akasema Gati. "Alitoa zizi zima. Walikamatwa pale kwenye kizuizi cha babu yako."

Uso wa Nyangwine ukang'aa. Akamgeukia Katibu. "Andika hiyo. Ushahidi huru kuhusu utendaji wa marehemu babu."

Joel akaandika. Gati akasubiri amalize, kwa kuwa alikuwa na neno lake, alilokuwa amelibeba tangu akiwa msichana wa kuchunga ndama.

"Baba aliwafuata kuuliza. Alisimama pale kizuizini akamwambia babu yako: haya, umewakamata, wale ng'ombe sasa ni wa nani? Babu yako akatazama juu kama anayeangalia mvua. Baba alirudi, na mpaka anakata roho alikuwa anauliza hivyo hivyo. Sisi tulidhani waliliwa na askari wa vita. Wewe mwanangu uko ofisini, unachunguza mambo ya wazee. Hujaona popote? Wale ng'ombe walikuwa wa nani?"

Nyangwine akapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akasema swali hilo liko nje ya hadidu za rejea. Kisha akatamka uamuzi: Mwananchi Gati, Kundi la Tatu. Kabla jua halijazama siku ya Uzinduzi Rasmi, awe ameachia bwawa, kijito na eneo linaloambatana navyo. Hapo pangejengwa Banda la Mapumziko la Wazao wa Maofisa.

"Eneo linaloambatana ndilo lipi?"

"Ni shamba," akasema Joel, akiangalia viatu vyake.

"Na mume wangu aliyelala pale?"

Nyangwine akauliza kama marehemu alikuwa na nasaba ya forodha. Akaambiwa alikuwa fundi wa kusuka vihenge. Akasema basi suala lake lingeshughulikiwa kwa awamu.

Akinyi alipopata habari hizo alimfuata Gati kijitoni, akatua beseni lake la samaki kwa kishindo, akamsema kama mama anavyomsema mtoto aliyemwaga uji. Alikuwa na haki. Walikuwa wamezeeka pamoja, mmoja Mjaluo mwenye ndugu Migori, mmoja Mkurya mwenye ndugu kila mahali, na hakuna aliyewahi kumwogopa mwenzake.

"Yawa, nyar Waitara," akamwambia, ndiyo kusema binti wa Waitara, "ulimi wako huo ni jembe la kaburi. Bibi yangu alikuwa mwizi wa dagaa, leo ana cheo. Wewe baba yako mwenye heshima zake umekwenda kumchongea mwenyewe. Ungesema alikuwa anasindikiza ng'ombe wa Serikali."

"Baba yangu hakuwahi kusindikiza ng'ombe wa mtu. Alikuwa na wake."

"Haya. Kaa na ukweli wako, uone kama unaotesha mahindi."

Halafu Akinyi akakaa naye chini, akamega samaki mmoja, wakala wakitazama maji. Aliposimama akasema siku ya Uzinduzi wangekwenda wote wawili, wakae mbele. Kama mtu anafukuzwa, afukuzwe akiwa ameshiba soda ya bure.

Siku ya Uzinduzi turubai lilifunika mpaka nusu ya kilima. Viti vya plastiki vilipangwa kwa nasaba. Mpiga ritungu, zeze la Wakurya, alikuwapo, kwaya ilikuwapo, na wazee wa mila walikuwapo na fimbo zao, wakiongozwa na mzee Ryoba, ambaye husema maneno machache na kwa hiyo huogopwa. Mgeni rasmi alichelewa. Alikuwa amepitia Manchira kukagua bwawa ambalo hakuna aliyekuwa amemwomba alikague, akalikuta lina maji, akaridhika.

Gati na Akinyi walikaa mbele. Joel aliwaona, akajifanya hajawaona, akawapelekea soda.

Kwanza ikazinduliwa nembo. Kwaya iliimba, kitambaa kikavutwa, na ubao mkubwa ukatokea, umepakwa rangi za kupendeza, na katikati yake kuna alama nyeusi: mviringo wenye kamkia, kama kiluwiluwi. Nyangwine akaeleza kwa kipaza sauti kwamba Kamati, katika utafiti wake wa kina, imeupata muhuri wa kale wa forodha wa eneo hili. Haukuwa kwenye kitabu chochote. Ulikuwa juu ya ngozi.

Ngozi yenyewe ikaletwa, imewambwa kwenye mbao, imezungushiwa maua ya plastiki. Ilikuwa ngozi ya fahali, kuukuu, imekatikakatika kingo, na pale pajani palipochomwa moto zamani alama ilikuwa bado inaonekana wazi. Mviringo na kamkia.

Fulana zikagawiwa. Mgeni rasmi akavishwa ya kwake juu ya shati, kiluwiluwi kikakaa kifuani. Wajumbe wa Kamati wakavaa. Madereva wakavaa. Wazao wote wa maofisa, safu kwa safu, wakavaa.

Akinyi akaacha kunywa. Akamsogelea mwenzake sikioni. "Hiyo si ndiyo alama iliyoko matakoni mwa ng'ombe wako?"

"Ndiyo."

"Na alama hiyo ulipewa na nani?"

"Ni ya chuma cha baba cha kupigia chapa. Ninacho nyumbani."

Akinyi akageuka akautazama ule umati, jukwaa zima, mgeni rasmi na wote, wamekaa wamepigwa chapa ya Waitara. Kwa sheria ya wafugaji wa kila kabila la huku, mwenye chapa ndiye mwenye mnyama. "Basi nyar Waitara," akasema taratibu, "leo zizi lako limejaa."

Gati hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ngozi. Alikuwa anamkumbuka fahali mwenyewe, mwekundu, mpenda chumvi, aliyekuwa akimlamba mkono.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo mtu alipojikwaa kwenye barabara ya lami. Mkurya akisimama kusifu ukoo wake anaweza kupita vita asiviseme, anaweza kupita mashamba asiyaseme. Lakini hawezi kupita ng'ombe alioolewa nao bibi yake bila kusimama. Hata awe amesoma. Hata awe amevaa tai. Joel, ambaye alikuwa ameiandika hotuba, aliishia kwenye uadilifu na utendaji. Nyangwine alipofika mwisho wa karatasi aliona watu wengi, kipaza sauti kizuri na mgeni rasmi anatikisa kichwa. Akaiweka karatasi chini.

"Babu yangu," akasema, "aliingia kazini hana hata mbuzi. Yatima, anayelala jikoni kwa watu. Lakini kazi ilimheshimu. Wale ng'ombe aliowakamata kizuizini, wenye muhuri huu huu mnaouona, ndio aliowatoa kumwoa bibi yangu Kezia. Fahali huyu alichinjwa siku ya harusi. Na ukweni kwake, Susuni nzima, hawajaona tena mahari kama ile."

Wageni kutoka mbali wakapiga makofi. Joel alifumba macho. Upande wa wazee wa mila hakuna mkono uliogongana na mwingine. Fimbo zilikuwa zimetulia kabisa, na mzee Ryoba alikuwa amevua kofia, kama mtu aliyesikia msiba akiwa njiani.

Gati akasimama. Magoti yalilia, na kwa kimya kilichokuwapo yalisikika.

"Mwanangu, samahani kukukatisha. Nilikuuliza ofisini ukasema niko nje. Leo nimekaa ndani. Wale ng'ombe walikuwa wa nani?"

Nyangwine akatabasamu na watu. Akasema huyu ni Mwananchi wa Kundi la Tatu, wamsamehe, bibi zetu wanapenda vitendawili. Basi yeye ameshindwa, anampa mji, achukue Dodoma.

"Sitaki mji," akasema Gati. "Nina shamba."

Vicheko vikapita nyuma kwenye viti vya Kundi la Pili, vikaishia kwa wazee. Mgeni rasmi aliyekuwa hajaelewa akainama kuuliza kuna nini. Mzee Ryoba akanyanyuka na kumweleza, kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga ndama. Akasema huku mtoto hafuati damu, mheshimiwa. Damu ni maji. Mtoto anafuata ng'ombe. Mwenye ng'ombe waliooa ndiye mwenye nyumba, na kila anayezaliwa katika nyumba hiyo ni wake, hata kama mwenye ng'ombe hakuwahi kulala humo, hata kama amekwisha kufa. Marehemu Kezia aliolewa kwa ng'ombe. Kamati imefanya kazi kubwa ya kutafuta nasaba, na wazee wanaishukuru. Limebaki swali moja dogo la yule mama.

Mgeni rasmi alikuwa mtu wa taratibu. Alisema swali lipo ndani ya madhumuni ya Kamati, kwa hiyo Mwenyekiti atoe jibu, na Katibu aandike.

Nyangwine akakohoa. Alisema, kwa sauti ya kiofisi, kwamba ng'ombe waliokamatwa ni mali ya Serikali. Kwa hiyo walikuwa wa Serikali.

Mzee Ryoba akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Basi wewe ni mtoto wa Serikali."

"Sote ni watoto wa Serikali, mzee."

"Sisi ni kwa maneno. Wewe ni kwa ng'ombe." Akamgeukia mgeni rasmi. "Mheshimiwa, umesikia mwenyewe, mmezaa. Huyu bwana ana vijana wa kiume waliofikia kuoa, na kwetu mzazi ndiye anayewatolea mahari vijana wa nyumba yake. Kwa kuwa wewe ndiye unayeiwakilisha Serikali hapa, wakwe waje kuwaona wapi? Hapa hapa au tuwalete mjini?"

Mgeni rasmi alitazama kulia na kushoto. Alisema Serikali haina fungu hilo. Akasema tena, kwa haraka zaidi, kwamba kwa kumbukumbu zake Serikali haijawahi kumwoa mtu yeyote katika wilaya hii, na kwamba jibu hilo lifutwe.

Joel akalifuta.

Nyangwine akafuta jasho kwa ncha ya tai. Alisema alikuwa amejieleza vibaya. Ng'ombe walikuwa wa babu yake Mwikwabe mwenyewe.

"Aliyekuwa hana hata mbuzi," akasema Akinyi kutoka kitini, si kwa sauti kubwa, lakini sauti ya muuza samaki haihitaji kipaza.

Mgeni rasmi akamuuliza Katibu: ofisa wa forodha akikamata mali akaifanya yake, Kamati inamwitaje? Joel alifungua Mwongozo, ingawa alikuwa anaukumbuka. Akasema wazao wa maofisa wapo, wa wakaa nyumbani wapo, wa magendo wapo. Wa maofisa walioiba kile walichokamata Kamati haikuwaweka, kwa sababu ilidhani hawapo. Ila kwa maoni yake hao wasingeondolewa mlimani tu. Wangeombwa warudishe ng'ombe na kila kilichozaliwa nao tangu wakati wa Hitla.

Wazee waliohesabu kichwani kilichozaliwa na wale ng'ombe hadi leo waliguna. Ilikuwa nusu ya Susuni.

"Hilo nalo lifutwe?" akauliza mgeni rasmi.

"Lifutwe," akasema Nyangwine, kwa sauti ambayo kipaza sauti hakikuinasa.

Kukawa kumebaki jibu moja, na kila mtu pale alikuwa analijua, mpaka wapika chai. Mzee Ryoba, kwa wema, alimweleza lililomo ndani yake ili asije akasema hakuambiwa. Kama ng'ombe walikuwa wa Waitara, nyumba ya Kezia ni nyumba ya Waitara, na baba yake Nyangwine, Mungu amrehemu, alikuwa mtoto wa mvushaji. Yeye Nyangwine angekuwa Kundi la Tatu. Mtu wa Kundi la Tatu hawezi kuwa Mwenyekiti, wala hakuwahi kuwa. Kila alichoamua kingekuwa kimeamuliwa na kiti kitupu. Ngozi ingerudi nyumbani kwao. Lakini tena, mzee akasema, mtu mwenye jibu hilo hawi peke yake. Angekuwa na ukoo, mahali pa kuzikwa, na dada wa baba yake aliye hai bado, jambo ambalo wengi wa rika lake hawanalo.

Mgeni rasmi akatazama saa. Joel akaishika kalamu juu ya karatasi. Kiluwiluwi cha Waitara kilipanda na kushuka kwenye kila kifua.

Gati alikuwa bado amesimama. Alikuwa ameshauliza, na baba yake alikuwa ameuliza, na kwake yeye swali la mtu mzima halirudiwi mara nyingi kama la mlevi. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa kijito. Kabla halijazama alitakiwa awe ameondoka.

Nyangwine akashuka jukwaani. Alishuka polepole, akapita ubao wenye nembo, akapita ngozi, akasita hapo kidogo kama aliyetaka kuigusa. Kwa karibu alionekana mdogo kuliko kwenye kipaza sauti. Alikuwa na masikio yaliyochomoza pembeni, na Gati alipoyaona aliyafikiria ya nani, akaacha, maana masikio ni mambo ya damu na damu ni maji.

Akasimama mbele yake. Akailegeza tai. Akainama, mbele ya Kundi la Kwanza, la Pili na mgeni rasmi.

"Walikuwa wa babu Waitara," akasema. "Shikamoo, shangazi."